Kuunda Roboti ya Dhahabu Inayogeuka Ndege: Delta Gundam ya 1/100 na Namna ya Kuipima

Miongoni mwa modeli za plastiki zinazotengenezwa na kampuni ya Bandai ya Japani, zinazomsumbua mjenzi kuliko nyingine ni zile zinazokusanya mambo mawili kwa pamoja: ngozi iliyochovywa rangi ya dhahabu na mwili unaobadili umbo. Kila jambo likiwa peke yake lina taratibu zake, na aliyezizoea hapati taabu kubwa. Yakikutana hugombana, kwa sababu ngozi ya dhahabu haitaki kuguswa, kukwaruzwa wala kubanwa, ilhali kubadili umbo ni kazi ya kugusa, kukwaruza na kubana tangu mwanzo hadi mwisho. Mwongozo huu unafuata mfano mmoja, MSN-001 Delta Gundam, roboti kutoka ulimwengu wa katuni za Kijapani za Gundam, ya daraja la Master Grade, kipimo cha 1/100 (ndogo mara mia kuliko roboti ya hadithini), na unashikilia rai moja: mjenzi ajue kabla ya kukata kipande cha kwanza ni wapi dhahabu itasuguliwa, na asiipe modeli alama yoyote kabla haijageuzwa kutoka roboti kuwa ndege na kurudi mara kadhaa.

Bandai ilianza kuuza modeli za Gundam mwezi Julai 1980, ya kwanza ikiwa ya kipimo cha 1/144 iliyouzwa kwa yeni 300. Daraja la Master Grade lilianza mwaka 1995, na sifa yake kuu leo ni kiunzi cha ndani ambacho huundwa kwanza, kisha kikavishwa deraya. Delta Gundam yenyewe ina historia ya kuchekesha kidogo. Katika hadithi ilimotoka, ni roboti iliyobuniwa kugeuka ndege, lakini mradi ukaachwa kwa kuwa kiunzi chake hakikuweza kuhimili mikazo ya kugeuka. Badala yake ikaundwa Hyaku Shiki, roboti ya dhahabu isiyogeuka, ambayo watazamaji wa katuni waliiona mwaka 1985. Anayeinunua Delta leo, basi, ananunua mashine ambayo hata wahandisi wake wa hadithini waliamua haitekelezeki, na baada ya jioni moja ya kuhangaika na mabawa yake huenda akawaelewa.

Dhahabu hiyo ni kitu gani

Haina dhahabu ndani yake. Kwa kawaida vipande vya plastiki vikiwa bado kwenye fremu zake, yaani vijiti vya plastiki vinavyovishikilia pamoja, hupakwa koti la chini ili viwe laini, kisha huwekwa ndani ya tangi lisilo na hewa, ambamo alumini huyeyushwa hadi kuwa mvuke na kutua juu ya plastiki kama utando usiofika hata maikromita moja kwa unene. Hapo vipande huwa na rangi ya fedha. Rangi ya dhahabu huja mwisho, kwa koti la vernishi angavu iliyotiwa rangi ya manjano. Mjenzi anayeelewa matabaka haya matatu hahitaji kukariri makatazo mengi, kwa sababu karibu kila katazo linatokana nayo.

Vernishi ya juu ikiyeyushwa na spiriti kali au thina, sehemu hiyo hubaki ya fedha. Alumini ikifikiwa na dawa ya madoa yenye klorini, aina ya Jik, huyeyuka na kuacha plastiki tupu; wapo wajenzi wanaofanya hivyo makusudi wanapotaka kuondoa utando wote na kupaka rangi yao wenyewe. Gundi ya plastiki hufanya kazi kwa kuyeyusha plastiki za pande mbili hadi zishikane, na kwa kuwa hapa plastiki imefunikwa, gundi haiifikii: huharibu utando na kuacha kiungo kilicho dhaifu. Tena matabaka hayo yana unene wake. Ni mdogo sana, lakini umeingia hata kwenye pini na matundu ya kuunganishia, ambayo kiwandani hupimwa kwa ukaribu mkubwa, na ndiyo sababu vipande vya dhahabu hukaza kuliko vipande vya kawaida vya modeli hiyo hiyo.

Kabla ya kukata chochote, toa fremu zote za dhahabu kwenye mifuko yake na uzikague dirishani kwenye mwanga wa mchana. Tafuta punje za vumbi zilizofunikwa chini ya vernishi, matone yaliyokusanyika kwenye pembe, na kingo ambazo utando ni mwembamba kiasi kwamba plastiki inaonekana. Zilinganishe fremu kwa rangi, maana hutokea moja ikawa na wekundu kidogo na nyingine ikaegemea kijani. Kasoro za namna hii hazina dawa baadaye, na muuzaji hawezi kulaumiwa kwa kipande kilichokwisha kukatwa. Piga picha siku hiyo hiyo, hasa kama boksi limetoka ng'ambo kwa posta na kurudishana kunachukua wiki nyingi.

Vifaa vya mezani

Unahitaji koleo ya kukatia plastiki yenye meno membamba, upande mmoja ukiwa bapa kabisa, kisu kidogo chenye wembe wa kubadilisha, kibano, vipande vya msasa wa namba 600 na 1000, vijiti vya meno, na glavu nyembamba za pamba, ambazo huzuia jasho na alama za vidole. Kikata kucha kinaweza kukata fremu za kijivu za kiunzi, lakini kisikaribie dhahabu, kwa sababu meno yake yamepinda na huibana plastiki kabla ya kuikata. Plaizi ya fundi umeme ina kasoro hiyo hiyo, ila kwa ukali zaidi. Pasipo koleo nzuri ni afadhali kungoja. Weka pia kitambaa laini juu ya meza, kwa kuwa kipande cha dhahabu kikisukumwa juu ya mbao hupata mikwaruzo inayoonekana tu pale modeli inapowekwa chini ya taa.

Kukata kikonyo

Kila kipande kimeshikwa kwenye fremu yake kwa vikonyo vidogo, kama embe kwenye tawi. Kwa modeli za kawaida kikonyo hukaa ubavuni, ukikikata kinaacha doa unalolisawazisha kwa msasa. Kwa modeli iliyochovywa, doa hilo lingeonyesha plastiki tupu mahali pa wazi, na hakuna msasa unaoweza kulificha. Kwa hiyo Bandai huvipeleka vikonyo vya vipande vya dhahabu upande wa chini, kwenye uso ambao utakutana na kipande kingine na kufichika. Ufundi huu huokoa sura ya modeli, lakini huleta kazi yake: kisiki kilichobaki, hata kikiwa na unene wa karatasi, huzuia vipande viwili visifungane, na mwanya ukaonekana mwili mzima.

Kata mara mbili. Mkato wa kwanza uwe mbali na kipande, uache kikonyo chenye urefu wa milimita mbili au tatu, ili nguvu ya koleo isisafiri hadi kwenye utando na kuupasua. Mkato wa pili ukaribie, upande bapa wa koleo ukitazama kipande, lakini usiguse. Kilichobaki kinyolewe kwa kisu, kidogo kidogo.

Hapa ndipo wengi huharibu, na kosa liko kwenye mwelekeo wa wembe. Shika kipande ili uso wa dhahabu ukutazame pembeni na uso wa kuunganishia uwe juu. Wembe uanzie kwenye ukingo wa dhahabu na kusafiri kuelekea ndani ya kipande. Ukienda hivyo, makali huukandamiza utando juu ya plastiki yake. Ukianzia ndani na kutokea nje, makali huusukuma utando kutoka nyuma, nao hubanduka kwa gamba dogo lenye umbo la nusu mwezi, ambalo litaonekana daima kwa sababu liko kwenye mstari ambapo vipande viwili hukutana. Wembe uwe mpya, na ubadilishwe mara tu unapoanza kukwama badala ya kuteleza. Msasa utumike kwenye uso wa kuunganishia peke yake, ukiwa umebandikwa juu ya kijiti bapa, na usivuke ukingo.

Mahali ambapo alumini imekatwa na kuachwa wazi pana udhaifu mwingine kwa wanaoishi Mombasa, Tanga, Unguja au mji wowote wa pwani. Hewa yenye unyevu na chumvi huweza kuingia kwenye ukingo uliokatwa na kuila alumini polepole chini ya vernishi, ikaacha doa linalotambaa. Tone dogo la vernishi angavu ya maji, likipakwa kwa ncha ya kijiti cha meno juu ya kila jeraha la kikonyo na kuachwa likauke kabla ya kuunganisha, linatosha kuzuia jambo hilo. Kazi ni ya kuchosha. Anayekaa Dodoma au Nairobi, ambako hewa ni kavu zaidi, anaweza kuiruka, ila jasho la vidole nalo lina chumvi.

Kujua msuguano uko wapi

Kitabu cha maelekezo cha Bandai kimeandikwa kwa Kijapani, lakini michoro yake inajitosheleza: kila fremu ina herufi, kila kipande kina namba, na mishale inaonyesha kinavyoingia. Wengi hukifuata ukurasa kwa ukurasa. Kwa modeli hii anza na kurasa za mwisho, zile zinazoonyesha kugeuka, na uzisome mara mbili huku ukizifananisha na vipande vilivyomo kwenye fremu.

Katika umbo la ndege, ngao ya Delta huja mbele na kuwa pua na tumbo la chombo. Mabawa mawili yaliyokuwa yakining'inia mgongoni hukunjuka na kuwa mabawa ya kweli. Miguu hunyooka nyuma ikawa sehemu ya injini. Mikono hubanwa pembeni mwa kifua, na kichwa hufichwa. Kila moja ya nyendo hizo hupitisha kipande cha dhahabu karibu na kingine. Chukua penseli na uweke alama kitabuni kwenye kila mahali ambapo dhahabu inagusa dhahabu, kisha mahali ambapo dhahabu inagusa plastiki ya kijivu. Kundi la kwanza ndilo la hatari, kwa kuwa tando mbili ngumu husuguana na zote hupoteza. Mabega karibu na kifua, mizizi ya mabawa, sehemu za ndani za mapaja na ndoano zinazoishika ngao ndizo zinazostahili kutazamwa kwanza, kwa sababu ndizo zinazobeba mwendo mkubwa.

Kwa kila alama kuna dawa mojawapo kati ya tatu. Ya kwanza ni kukwangua utando kwa makusudi kwenye uso uliofichika, ili pawe na nafasi. Ya pili ni kupaka mahali hapo tone la nta isiyo na rangi, ambayo hulainisha bila kuyeyusha kitu. Mafuta ya mashine hayafai, kwa kuwa plastiki ya ABS inayotumika kwenye viungo vingi huweza kupasuka yakiingia ndani yake. Ya tatu ni kukubali kwamba pale patachakaa, na kuamua mapema kama modeli itakaa kabatini kama roboti au kama ndege. Hakuna aibu katika dawa ya tatu. Wajenzi wengi makini huitumia na hawaisemi.

Kuunganisha

Kiunzi cha ndani hakina shida ya pekee. Kiunde kama modeli yoyote ya Master Grade, vikonyo vikinyolewa vizuri, na kila kiungo kijaribiwe kabla ya kuvishwa deraya, kwani kiungo kilicholegea ni rahisi kukirekebisha kikiwa uchi. Tone la gundi ya maji ya PVA, ile nyeupe ya mbao, likipakwa jembamba kwenye mpira wa kiungo na kuachwa likauke kabisa, hukaza bila kukigandisha. Kiuno na vifundo vya miguu viangaliwe zaidi, kwa kuwa modeli inayogeuka hubeba mgongoni uzito wa mabawa na daima hutaka kuanguka kinyumenyume.

Deraya ya dhahabu ndiyo inayohitaji subira. Kwa sababu ya unene wa utando, pini huingia kwa kukaza sana, na ikishaingia yote haitoki tena bila kuvunjika au kubandua kingo. Hivyo usijaribishe kwa kubonyeza hadi mwisho. Kabla ya kuunganisha, kata ncha ya kila pini kwa mshazari, ukiondoa kama theluthi moja ya urefu wake, na ukwangue utando uliobaki ubavuni kwa ncha ya kisu. Zungusha kijiti cha meno ndani ya tundu ili kuondoa magamba. Ndipo ukusanye vipande viwili kwa vidole, kwa nguvu inayoenea pande zote, mpaka usikie vimekaa. Plaizi isitumike kubana, hata ikifungwa kitambaa, kwa maana utando hupasuka kwa nyufa nyembamba kama nywele pale unapokunjwa, na nyufa hizo huonekana zaidi siku ya pili kuliko siku ya kwanza.

Ikiwa kipande kimelegea baada ya kukatwa pini, gundi ya papo hapo itashika juu ya utando, lakini mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya dhahabu. Tumia kidogo mno, ndani kabisa, na uache kipande wazi penye upepo hadi kikauke kabla ya kukifunika.

Mistari ya mishono inayobaki mahali vipande viwili vinapokutana haiwezi kuzibwa kwa njia ya kawaida, yaani gundi, msasa na rangi, isipokuwa umeamua kuondoa utando wote. Mtu anayetaka modeli isiyo na mshono hata mmoja angefanya vyema kununua modeli isiyochovywa na kuipaka rangi ya dhahabu kwa mashine ya kupulizia. Rangi ya kupulizia haitafikia mng'ao wa alumini, lakini itamtii fundi, na ikikwaruzika inarudishiwa.

Mistari, stika na vernishi

Mifereji midogo kwenye deraya hujazwa wino ili ionekane. Juu ya dhahabu, kahawia au nyekundu iliyoiva hupendeza kuliko nyeusi, ambayo huifanya modeli ionekane kama imechorwa. Wino unaofutwa kwa thina ya enameli usitumike: thina hiyo huweza kuila vernishi ya manjano, na ikipenya hadi kwenye viungo vya ABS, viungo hupasuka vikiwa vimebanwa. Kalamu ya ncha nyembamba inafaa, na ziada ifutwe kwa kijiti cha pamba kikavu au chenye maji, kabla wino haujakauka.

Stika za maji, zile zinazolowekwa ili zitoke kwenye karatasi yake, hushika vizuri kwenye uso unaong'aa, ila dawa za kuzilainisha zijaribiwe kwanza. Kanuni hii inahusu kila kimiminika kitakachogusa dhahabu: kijaribu kwenye mabaki ya fremu, ambayo yamechovywa kwa utando ule ule, na ungoje hadi siku inayofuata. Fremu tupu zisitupwe mpaka modeli imekamilika, kwa sababu ni maabara ya bure.

Kuhusu vernishi ya mwisho wajenzi hawakubaliani. Vernishi inayong'aa ya maji huongeza kinga dhidi ya vidole na haibadili sana rangi. Vernishi isiyong'aa huigeuza dhahabu kuwa kitu kinachofanana na shaba iliyopauka, na kwa maoni yangu anayefanya hivyo amelipia mchovyo bure, ingawa ni kweli kwamba modeli ikipigwa picha huonekana kubwa na nzito zaidi. Maafikiano mazuri ni kupaka isiyong'aa kwenye kiunzi cha kijivu peke yake, ili dhahabu ipate kitu cha kupingana nacho. Hata hivyo, kila koti jipya linaongeza unene, na unene ndio uliokuwa tatizo tangu mwanzo. Sehemu ulizozitia alama ya penseli zisipakwe kitu.

Kugeuza kwa mara ya kwanza

Fanya kazi hii juu ya kitambaa, glavu mkononi, na kitabu kikiwa wazi. Ondoa kwanza bunduki, ngao na chochote kinachoweza kutoka. Sogeza kila kiungo peke yake, ukishika kiunzi pale inapowezekana na kuepuka kushika deraya, kwa kuwa vidole huvuta kipande cha nje na kukibandua kutoka mahali pake. Kipande kikikataa kwenda, rudi nyuma hatua moja. Karibu kila mara sababu ni kiungo kingine ambacho hakijafika mwisho wa safari yake, na nguvu ya ziada huishia kuchora mstari mweupe kwenye bega.

Ngao huja mwisho, na ndiyo inayoyafunga yote. Kabla ya kuibonyeza, igeuze modeli tumbo juu na utazame kama mikono imelingana: mkono mmoja ukiwa juu zaidi kwa milimita moja, ngao itakaa upande, na mtu ataanza kuilaumu ndoano isiyo na hatia. Ikishakaa, modeli yenye kimo cha karibu sentimita 20 ikiwa imesimama huwa chombo kirefu, bapa, chenye ncha.

Kuipima

Modeli ya dhahabu hudanganya siku ya kwanza. Mng'ao hufunika makosa ya uwiano, na mpimaji anayeandika maoni yake siku hiyo husifia kiwanda cha kuchovya zaidi ya modeli yenyewe. Igeuze mara tano au sita kwa muda wa wiki moja, kisha kaa nayo mezani.

Anza na umbo la ndege, kwa kuwa ndilo linalosema kweli. Chukua ukanda wa karatasi ya kawaida ya kuandikia, ambayo unene wake ni takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na ujaribu kuupitisha kwenye kila mstari ambapo vipande viwili vinapaswa kufungana. Ukipita kwenye mshono wa kipande kimoja cha deraya, kosa ni la mjenzi, kwani kuna kisiki cha kikonyo kilichobaki. Ukipita kati ya ngao na kifua, au kati ya mguu na bawa, tazama pande zote mbili za modeli: mwanya ulio sawa kulia na kushoto ni wa mbunifu, na ulio upande mmoja ni wako. Kutenganisha makosa hayo mawili ndiyo nusu ya haki katika kupima, na mara nyingi hukosekana, kwa maana ni rahisi kuandika kwamba modeli ina mianya bila kuuliza nani aliiacha.

Kisha ishike ndege kwa pua na uinyanyue polepole. Mkia ukilegea na kushuka, kufuli la ngao ni dhaifu. Ishike kwa mabawa na uitikise kidogo kama mtoto anavyoweza kufanya. Modeli inayohitaji mhimili wa kuishikilia ili ibaki katika umbo lake haijatimiza ahadi ya kugeuka, hata kama mhimili huo umetolewa ndani ya boksi. Vivyo hivyo, hesabu vipande vinavyopaswa kutolewa na kubadilishwa na vingine ili umbo lipatikane. Bunduki na ngao kutoka ni jambo la kawaida. Kiungo cha mwili kikitolewa na kuwekwa kingine, hiyo si modeli inayogeuka.

Ukiitazama Delta kwa jicho lisilo na huruma, utaona kwamba kwa juu ni ndege nzuri sana, lakini kwa ubavuni ni roboti iliyolala kifudifudi nyuma ya ngao yake. Ni hukumu inayoihusu jamii nzima ya roboti za namna hii. Uzuri wa Delta ni kwamba umbo lake la kusimama halikutolewa mhanga: mapaja yananyooka, kiuno kinazunguka, na mabawa mgongoni humpa mtazamaji kivuli cha Hyaku Shiki, ambayo ndiyo aliyokuja kuitafuta. Mimi huweka alama nyingi zaidi kwenye umbo la kusimama, kwa sababu ndilo litakalokaa kabatini, ingawa najua wapo watakaosema kwamba roboti inayogeuka ipimwe kwa kugeuka.

Upande wa utando, rudi kwenye kitabu chako chenye alama za penseli. Tazama kila mahali ulipopatia alama, ukitumia tochi ya simu iliyoinamishwa pembeni ili mikwaruzo itoe kivuli. Mikwaruzo ya nywele kwenye vernishi peke yake bado ina rangi ya dhahabu, na haipunguzi kitu. Ikionekana fedha, vernishi imeisha. Ikionekana rangi ya plastiki, utando wote umeondoka, na hapo uandike ni mara ngapi modeli iligeuzwa kabla ya kufikia hali hiyo, maana takwimu hiyo humfaa mnunuzi kuliko sifa zozote. Doa la fedha huweza kufichwa kwa kalamu ya rangi ya dhahabu, likitiwa kwa nukta ndogo ndogo; litaonekana ukilisogelea, lakini kwa umbali wa mkono jicho hulipita.

Rangi nayo ipimwe kwenye mwanga wa aina mbili. Dirishani dhahabu huonyesha tofauti za fremu moja na nyingine. Chini ya taa ya njano tofauti hizo hufifia na kila kitu huonekana cha kifahari. Anayepiga picha aizungushie modeli karatasi nyeupe pande tatu, la sivyo ataipiga picha sebule yake, suruali yake na simu yake zikiwa zimejikunja kwenye kifua cha roboti.

Ukishamaliza kupima, irudishe kwenye umbo la kusimama, ambamo ndoano za ngao hazivutwi. Iweke kwenye kabati ya kioo mbali na jua la moja kwa moja, kwa sababu rangi ya manjano iliyo ndani ya vernishi hupauka kwa miaka mingi ya jua na kuiacha alumini ikitawala. Vumbi liondolewe kwa brashi laini ya poda ya uso iliyo mpya. Kitambaa hukokota punje za mchanga juu ya dhahabu, na mng'ao wake huanza kufifia kwenye magoti na mabega, mahali pale pale ambapo kazi yote ya kunyoa vikonyo ilifanywa kwa uangalifu.